Umeme Hauishii Njiani: Kufahamu Safari ya Elektroni Ndani ya Waya

Vigango vingi vya vijijini ambavyo bado havijafikiwa na gridi ya Taifa vinapata mwanga wake kutoka katika paneli za jua na betri za volti 12. Ni jambo la kumshukuru Mungu, kwa kuwa katekista anaweza kufundisha jioni, kwaya inaweza kufanya mazoezi baada ya kazi za shamba, na mama anayefika usiku katika zahanati ya parokia hapokelewi tena kwa kibatari. Hata hivyo, pamoja na furaha hiyo, husikika lalamiko moja linalojirudia: taa zilizo karibu na betri huwaka vizuri, ilhali zile za mbali, upande wa altare, huwa hafifu.

Waamini hulieleza jambo hilo kwa maneno yao: "Umeme unaishia njiani, taa za kwanza zimekwisha kuunywa." Wengine huamua kwamba betri imechoka. Hufanyika mchango, hununuliwa betri mpya, na jioni ya kwanza ya kuiwasha taa za altare huwa hafifu vilevile. Fedha ya watu wenye kipato kidogo imetumika, na tatizo lenyewe halijaguswa.

Chanzo cha hasara hiyo ni swali ambalo wengi wetu tulilipita haraka tukiwa shuleni: ni kitu gani hasa kinachopita ndani ya waya, na kinapita vipi? Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo hatua kwa hatua, kisha turejee kwenye taa zetu za altare.

Waya hauko mtupu

Shaba, kama vitu vyote, imeundwa kwa atomu. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na pembeni mwa kiini hicho zimo elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Atomu moja ya shaba ina elektroni 29. Atomu hizo zinapokaa pamoja katika waya, takriban elektroni moja kutoka katika kila atomu huachana na kiini chake na kuwa huru kutembea popote ndani ya shaba. Katika plastiki inayofunika waya, elektroni zimeshikwa na atomu zake wala haziachiwi. Ndiyo maana shaba hupitisha umeme na plastiki huuzuia.

Idadi ya elektroni hizo huru inazidi mawazo yetu ya kawaida. Kipande cha shaba chenye ujazo wa milimita moja, yaani kama punje ya ulezi, kina elektroni huru zipatazo bilioni 85 zikizidishwa mara bilioni moja. Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya. Tunadhani kwamba waya ni kama bomba tupu linalosubiri betri ilijaze. La hasha! Waya umejaa elektroni tangu ulipotengenezwa kiwandani, hata kabla haujaunganishwa na kitu chochote. Haturushwi na umeme tunapoushika dukani kwa sababu chaji hasi ya elektroni zake inasawazishwa kikamilifu na chaji chanya ya viini vyake.

Wala elektroni hizo hazikai kimya. Kila moja hukimbia huku na huko kwa kasi inayozidi kilomita 1,000 kwa sekunde. Lakini kwa kuwa zinakimbia pande zote kwa usawa, kundi zima halielekei popote, kama nyuki wanaozunguka mzinga bila mzinga kuhama. Tunapounganisha betri, ndani ya waya hutokea msukumo unaozielekeza elektroni zote upande mmoja. Wanafizikia huuita uga wa umeme. Nyuki wanaendelea kuruka huku na huko, lakini sasa kundi zima linasogea, taratibu, kama linalosukumwa na upepo mwanana. Kusogea huko kwa pamoja ndiko tunakokuita mkondo wa umeme.

Mkondo ni hesabu ya zinazopita

Tufikirie maandamano ya Jumapili ya Matawi. Mtu mmoja amesimama langoni akiwahesabu waamini wanaopita, na anaona kwamba kila dakika wanapita watu 60. Kama njia ni pana, wakapita sita sita, safu kumi tu kwa dakika zinatosha, na watu wanaweza kwenda polepole wakiimba. Kama njia ni nyembamba, wakalazimika kupita mmoja mmoja, watatakiwa kwenda mara sita zaidi ili hesabu ibaki ileile. Anayehesabu langoni haulizi watu wanakwenda kwa kasi gani. Anauliza wamepita wangapi.

Ndivyo ulivyo mkondo wa umeme. Kipimo chake ni ampea, nayo hutueleza ni chaji kiasi gani imepita mahali fulani katika waya kwa kila sekunde. Ampea moja ni sawa na elektroni zipatazo bilioni 6.24 zikizidishwa mara bilioni moja, zinazopita kwa sekunde moja. Tangu tarehe 20 Mei 2019, uhusiano huo ndio msingi rasmi wa kipimo chenyewe duniani kote: ampea hufafanuliwa kwa kutumia chaji ya elektroni moja, ambayo imewekewa thamani kamili isiyobadilika.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Taa ya wati 12 inayotumia betri ya volti 12 hupitisha mkondo wa ampea 1. Tuseme imeunganishwa kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, unaotumiwa sana kwa taa. Kila milimita moja ya urefu wa waya huo ina ujazo wa milimita 1.5, na kwa hiyo ina elektroni huru bilioni 127 hivi zikizidishwa mara bilioni moja. Tukigawanya idadi hiyo kwa zile bilioni 6.24 zinazotakiwa kupita kila sekunde, tunapata sekunde 20. Maana yake ni kwamba elektroni hutumia takriban sekunde 20 kusogea milimita moja tu! Konokono angeziacha mbali.

Kama kutoka kwenye betri hadi kwenye taa kuna waya wa mita 6, safari ya elektroni kwa mwendo huo ni ya saa 34 hivi. Elektroni iliyotoka katika betri Jumamosi saa kumi na mbili jioni, taa ikiachwa inawaka muda wote, ingeifikia taa hiyo Jumatatu alfajiri. Misa zote za Dominika zingekuwa zimekwisha.

Mbona basi taa huwaka mara moja?

Jibu limo katika yale tuliyokwisha kuyasema: waya umejaa. Anayemwagilia bustani ya masista analifahamu jambo hili. Mpira wa maji ukiwa mtupu, hufungua bomba na kusubiri mpaka maji yafike mwisho wa mpira. Ukiwa umejaa tangu jana, anapofungua tu, maji hutoka papo hapo. Lakini maji hayo ya kwanza siyo yaliyotoka bombani sasa hivi. Ni yale yaliyokuwa yamelala karibu na mdomo wa mpira.

Vivyo hivyo, tunapobonyeza swichi, elektroni za kwanza kuiwasha taa ni zile zilizokuwamo ndani ya taa yenyewe. Kinachosafiri haraka ni ule msukumo, uga wa umeme, ambao huenea kando ya waya kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Elektroni zote, za karibu na za mbali, hupokea amri ya kuondoka karibu wakati mmoja.

Jambo hili lilionekana kabla halijaelezwa. Mnamo mwaka 1746, Mfaransa Jean-Antoine Nollet, aliyekuwa mklero na mtafiti wa umeme, aliwapanga walinzi 180 wa Mfalme Louis XV wakiwa wameshikana mikono, kisha akaupitisha kwao umeme uliohifadhiwa katika chupa maalumu. Wote waliruka kwa wakati mmoja. Alilirudia jaribio hilo kwa wamonaki Wakartusi wa Paris, na ikawa vilevile. Hakuna chembe iliyokimbia kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Chembe zenye chaji zilizokuwa tayari ndani ya miili yao zilisukumwa zote kwa pamoja. Tunawasihi vijana wasilijaribu jambo hilo, kwa maana umeme unaopita kifuani unaweza kuusimamisha moyo.

Kwa umeme wa gridi, hali inashangaza zaidi. Umeme huo hubadili mwelekeo, mbele na nyuma, mizunguko 50 kila sekunde. Elektroni hazipati nafasi ya kwenda popote. Kwa mkondo wa ampea moja katika waya ule ule, kila moja hutikisika ndani ya umbali usiofikia hata elfu moja ya milimita. Hakuna elektroni inayotoka katika mitambo ya Kidatu ikafika nyumbani kwetu. Tunachokinunua kwa tokeni za LUKU ni nishati, na elektroni zinazoitumikia zimo ndani ya nyaya zetu siku zote.

Kwa nini vitabu vinaonyesha mshale kinyume?

Wanafunzi wa sekondari hutuuliza mara kwa mara: elektroni hutoka ncha hasi ya betri kuelekea ncha chanya, mbona kitabu kinachora mshale wa mkondo ukitoka chanya kwenda hasi? Je, kitabu kimekosea?

Hakijakosea, kimerithi desturi. Mmarekani Benjamin Franklin ndiye aliyeanzisha, katika miaka ya 1740, lugha ya chanya na hasi. Alidhani kwamba umeme ni kitu kimoja kinachotoka mahali kilikozidi kwenda mahali kilikopungua, akapaita palipozidi chanya. Hakuwa na njia yoyote ya kujua ni upande upi uliozidiwa na nini. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake ya kwanza, na kwa mara ya kwanza mkondo ukaweza kupita kwa muda mrefu. Mwaka 1820 André-Marie Ampère wa Ufaransa akatofautisha waziwazi mkondo na msukumo unaousababisha, akauwekea mkondo mwelekeo wake. Elektroni zenyewe zilikuja kutambuliwa na J. J. Thomson huko Cambridge mwaka 1897, na ikaonekana kwamba zina chaji ile iliyokwisha kuitwa hasi. Kufikia hapo, vitabu, vipimo na mashine vilikuwa vimeizoea desturi ya kwanza kwa miongo mingi.

Desturi hiyo haikubadilishwa kwa sababu haiharibu hesabu. Chaji hasi inayokwenda kushoto huleta matokeo yale yale ambayo chaji chanya ingeleta kwa kwenda kulia. Mwanafunzi akumbuke mambo mawili tu: mshale wa mkondo hutoka chanya kwenda hasi, elektroni katika waya huenda kinyume cha mshale huo.

Tusimwache Ampère bila kusema neno juu yake, kwa kuwa jina lake limo katika kila fyuzi tunayonunua. Alikuwa Mkatoliki, na nyumbani kwake Paris alimpa makazi kijana mwanafunzi Frédéric Ozanam, yule ambaye mwaka 1833, pamoja na wenzake, alianzisha kazi iliyozaa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1997.

Kinachopungua njiani ni nini?

Sasa turejee kigangoni. Tumeona kwamba mkondo ni hesabu ya elektroni zinazopita. Elektroni haziliwi na taa, haziungui, wala haziishi. Idadi inayotoka katika ncha moja ya betri ndiyo inayorudi katika ncha nyingine, sekunde kwa sekunde. Mkondo hugawanyika unapofika penye taa kadhaa, lakini jumla yake haipungui. Kwa hiyo kauli kwamba taa za kwanza "zimeunywa" umeme si sahihi.

Kinachopungua ni msukumo, yaani volti. Elektroni zinaposogea hugongana na mitikisiko ya atomu za shaba, na katika kugongana huko sehemu ya nishati hugeuka kuwa joto la waya. Huo ndio ukinzani. Waya ukiwa mwembamba, ukinzani huwa mkubwa; ukiwa mrefu, ukinzani huongezeka. Mkondo nao ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea huongezeka mara nne.

Tuchukue mfano wa taa kumi za wati 12, zote zikiwa mwisho wa waya wenye urefu wa mita 10, unene wake milimita za mraba 1.5. Jumla ni wati 120, na kwa betri ya volti 12 mkondo ni ampea 10. Tukihesabu kwenda na kurudi, waya ni mita 20, na ukinzani wake ni takriban omu 0.23. Volti zinazopotea njiani ni 2.3 hivi, na taa hubaki na volti 9.7 badala ya 12. Wati 23 zinaishia kupasha joto waya ukutani. Taa lazima ziwe hafifu, hata betri ikiwa mpya kabisa.

Fundi aliyezoea nyumba za mjini anaweza kushangaa, kwa kuwa waya huohuo haumpi shida huko. Sababu ni kwamba kwa volti 230, wati 120 zinahitaji karibu nusu ampea tu, na volti zinazopotea katika waya ule ule ni 0.1 hivi. Waya unaotosha kwa umeme wa gridi hautoshi kwa umeme wa volti 12, ingawa wati ni zilezile.

Dawa yake, basi, ni kuongeza unene wa waya na kufupisha njia. Waya wa milimita za mraba 6 katika mfano wetu ungepunguza volti zinazopotea kutoka 2.3 hadi takriban 0.6. Betri na isogezwe karibu na taa kadiri inavyowezekana, na maungio yakazwe vizuri. Kabla halmashauri ya kigango haijaitisha mchango wa betri mpya, imwombe fundi apime volti mahali pawili, taa zote zikiwa zinawaka: kwenye betri, na kwenye taa ya mwisho. Kama betri inaonyesha 12 na taa inaonyesha chini ya 10, betri haina kosa. Waya ndio unaodai.

Hesabu inayookoa maisha

Ufahamu huu haulindi fedha pekee. Mtu akiangusha spana juu ya ncha mbili za betri kubwa ya sola, mkondo wa mamia ya ampea unaweza kupita kwa ghafla. Volti 12 kwa kawaida hazimrushi mtu mwenye mikono mikavu, lakini mkondo huo unatosha kuyeyusha waya na kuwasha moto. Kwa sababu hiyo fyuzi huwekwa karibu na ncha ya betri: ndani yake mna waya uliofanywa mwembamba makusudi, ili hesabu ya elektroni ikizidi kiasi, ukatike wenyewe kabla ya waya wa ukutani kuungua. Anayeifunga fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya mnene au karatasi ya sigara amemwondoa mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Katika majengo yenye umeme wa gridi, kiko kifaa cha kinga kinachofanya kazi kwa kanuni ile ile tuliyoieleza. Hulinganisha mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi. Vikilingana, hukaa kimya. Zikikosekana ampea 0.03 tu, hutambua kwamba elektroni hazirudi kwa njia yake, huenda zinapita katika mwili wa mtu aliyegusa waya, na hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kingekuwa hakina maana yoyote kama taa na pasi zingekuwa "zinakunywa" mkondo. Kinafaa kwa sababu kinachokwenda lazima kirudi.

Tunawaomba maparoko, halmashauri za walei na wakuu wa shule zetu wamuulize fundi maswali matatu kabla ya kumlipa: mkondo wa jumla ni ampea ngapi, unene wa waya ni milimita za mraba ngapi, na fyuzi ni ya ampea ngapi. Fundi anayeijua kazi yake atayajibu papo hapo.